Namba 417

Umeme umerudi saa nane usiku, Nkuhungu.
Kompyuta imeamka kabla yangu,
ikaendelea pale ilipoachia:
A, T, G, G, C,
herufi nne tu, na bado kitabu hakiishi.
Nje upepo wa Julai unasukuma mabati,
vumbi limeingia hata kwenye chai,
nami namtafuta mtoto mmoja
kati ya watoto mia sita na watatu.

Kwenye jedwali hana jina. Ni 417.
Wa kike. Chanjo ya surua: amepata.
Kingamwili: hafifu,
hafifu kiasi kwamba mashine iliandika sifuri
kisha ikaongeza nukta na tarakimu moja,
kama mtu aliyeona haya.

Lakini mimi nilikuwepo Kigwe.
Namjua. Ni Sechelela wa mama Nyemo,
muuza karanga wa pale stesheni.
Alilia kabla ya sindano, si baada,
akamshika nesi Mbeleje kidole
akakataa kukiachia.

Sanduku la barafu lilikuwa moja,
chupa moja ya dozi kumi.
Aliyemtangulia, mtoto wa Chilongola,
damu yake imejaa askari hadi mlangoni.
Aliyemfuata, vivyo hivyo.
Yeye, katikati yao, kimya.

Niliporudi na majibu mama Nyemo aliniuliza
swali ambalo wenzangu huliuliza kwa kurasa arobaini:
"Dawa ni ileile, siku ni ileile.
Mwanangu kakosea wapi?"
Nikasema, vinasaba.
Neno likaanguka chini kama sarafu ya zamani
isiyonunua kitu.
Akachukua karanga kwenye sinia, akavunja.
Kokwa mbili. Akavunja nyingine. Tatu.
Iliyofuata ilikuwa ganda tupu.
"Na hii nayo ilinyeshewa," akasema,
akaninyooshea lile ganda
kana kwamba nitakwenda kulipima.

Kazi yangu ni kulinganisha.
Kila mtoto namlaza kando ya kitabu kikubwa cha rejea
kilichoandikwa, sehemu kubwa, kwa damu ya watu wa mbali.
Panapotofautiana, programu inapiga mstari.
Kwa 417 imepiga mistari
kama mvua ya Januari tunayoiomba na haiji,
na pembeni imeandika: haijulikani,
haijulikani, haijulikani.
Haijulikani na nani?
Bibi yake amezibeba herufi hizo toka Mpwayungu
bila ngata kichwani.
Zimevuka njaa ambazo hata majina yake tumesahau.
Kitabu kikipungukiwa kurasa
tusiseme mtoto ndiye aliyekosea.

Nimeweka rangi ya njano kwenye kromosomu ya sita,
pale mwili unapojifunza sura ya mgeni.
Huenda ni hapo.
Huenda si hapo. Huenda ni minyoo,
malaria ya msimu ule,
uji mwembamba wa mwaka uliokosa mawingu,
au friji ya zahanati iliyozimika usiku mmoja
na hakuna aliyeandika.
Watoto mia sita na watatu ni wachache.
Hilo nimelisema kwenye ripoti,
kwa lugha safi, iliyochanwa nywele.

Kesho ni Alhamisi. Basi la Kigwe linaondoka alfajiri.
Sechelela ametimiza miezi kumi na minane,
ataletwa kwa dozi ya pili kama wenzake wote,
na kadi yenye madoa ya mafuta ya karanga.
Huenda safari hii mwili wake utasikia hodi.
Nitaomba matone machache ya damu, mama akiridhia,
nami nitamweleza ninachokijua,
ambacho bado kinaenea kwenye kiganja.

Ataniuliza tena, najua.

Lile ganda ninalo. Limo mfukoni mwa koti jeupe,
limebandikwa karatasi,
nalo lina namba.